Genkuru Hakuna Wapangaji

1 Machi, Jumanne

Masika yameanza na Bibi Mokami amepandisha pango. Vyote viwili vimekuja asubuhi moja, na vyote viwili bila hodi. Nilikuwa nasogeza beseni chini ya bati linalovuja, akasimama mlangoni na fimbo yake, akaniambia mwezi huu bei ni nyingine. Nikamuuliza sababu.

"Dhahabu imepanda, nesi. Husikii redio?"

Nikamwambia mimi nazalisha wanawake, sichimbi. Akasema hata yeye hachimbi.

Hii ni mara ya tatu tangu masika ya mwaka jana. Chumba ni kimoja, hakina dari, choo tunachangia vyumba sita, na nusu ya mshahara wangu inaishia hapo. Wapangaji wenzangu watano ni vijana wa maduarani, kwenye mashimo ya kuchimbia dhahabu. Duara likitema, wanalipa miezi mitatu kwa mkupuo na soda wananunua. Mshahara wangu hautemi. Nilimpigia mume wangu Ouma, yuko Mwanza na lori lake, akasema nivumilie. Kuvumilia kwa simu ni rahisi sana.

3 Machi

Leo kuna neno jema la kuandika. Heche, fundi mwashi aliyejenga nusu ya mji huu, ameanza kumwaga zege la msingi kwenye kiwanja chake mbele ya zahanati. Vyumba kumi. Nilitoka na gauni langu la kazi nikasimama pembeni nikiangalia zege kama mtu anayeangalia harusi.

Akanieleza. Kuna mpango wa nyumba nafuu. Serikali inapita kupima ni wapi pango limezidi uwezo wa watumishi. Sehemu hizo zikitangazwa kuwa maeneo ya gharama kubwa, mtu akijenga humo vyumba na kuvipangisha kwa bei ndogo waliyoipanga wao, anasamehewa kodi kwa miaka kadhaa.

"Bila hiyo nafuu ya kodi siwezi, nesi," alisema. "Simenti ikifika huku imeshakuwa dhahabu nayo. Lakini wakitutangaza, mwezi wa sita unahamia. Chumba cha mwisho pale, karibu na geti lenu. Mtu akiita usiku unamsikia."

Nani asiyejua Genkuru ni ghali? Hata mbuzi wanajua. Nimekwenda kulala nikiwa nimeshapanga kitanda kitakaa upande gani.

7 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nilirudi saa saba kula, nikamkuta kijana nadhifu amekaa kwenye kigoda cha Bibi Mokami, kishikwambi mapajani, viatu vimejaa tope. Anaitwa Stanslaus, ndiye mpimaji wa ule mpango. Aliniamkia vizuri. Bibi Mokami alikuwa amekaa mbele yake, mikono juu ya fimbo, mpole kama mtu aliyekuja kubatizwa.

"Bibi, hivi vyumba sita wanakaa akina nani?"

"Watu wa mji wangu."

"Hawa vijana watano?"

"Wajukuu."

"Na huyu dada?"

Bibi Mokami alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Huyu ni mke wangu."

Mtu wa mbali atadhani bibi amechanganyikiwa. Hapana. Kwa Wakurya mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe, akaoa msichana aingie katika nyumba yake, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wajukuu wake na warithi wa mji. Wanaita nyumba ntobhu. Bibi Mokami ameoa kweli. Mke wake ni Agustina, na Agustina alikuwa pale pale jikoni na mimba yake ya miezi saba, amejiziba mdomo kwa kanga asicheke. Mimi ni Mjaluo wa Shirati, nimeolewa kanisani, na mume wangu ana ndevu.

Nikamwambia Stanslaus: "Kaka, mimi ni mpangaji. Nalipa. Leo tarehe saba nimeshalipa."

Akanitazama kwa huruma. "Dada, maelekezo yanasema anayejibu ni mkuu wa kaya."

"Hata akidanganya?"

"Mimi naandika anachosema mkuu wa kaya."

Akaandika. Alipoondoka nilimgeukia bibi. Hakuona haya hata kidogo. "Leo wanauliza nani analipa, kesho wanakuja kuchukua kodi ya hicho ulicholipa," alisema. "Mimi si mtoto." Nilimweleza mpango wa Heche, nikaeleza tena na tena. Akasema serikali haijawahi kuja kwake kumuuliza kitu kwa ajili ya kumpa.

Agustina sasa ananiita mke mwenzangu. Ouma nilipomsimulia aliuliza ng'ombe walikuwa wangapi, ili naye apate mgao wake. Sikucheka.

12 Machi

Mvua. Akina mama kumi na mmoja kliniki. Msingi wa Heche umejaa maji, vyura wamehamia kabla yangu.

15 Machi

Leo nimejua kwamba si Bibi Mokami peke yake. Mwalimu Nikolaus, mkuu wa shule ya msingi, alikuja kupima presha akanisimulia. Walimu wake wanne wanapanga kwa Mzee Wangwe, mwenyekiti wa kijiji. Kwa Stanslaus wote wanne wameandikwa kuwa wameoa binti za Mzee Wangwe, na mmoja wao ni mwalimu wa kike. Kijiji kizima kimesema hivyo hivyo. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake, hofu ya kodi ndiyo iliyowapa maneno yale yale. Stanslaus amepita nyumba kwa nyumba na hakumpata mpangaji hata mmoja. Genkuru nzima ni ukoo mmoja unaopendana.

Na kuna tegesha. Kwa asiyejua: mtu akisikia mgodi utapanuka kuelekea kwake, anasimamisha haraka vijumba vya tofali mbichi na bati za kuazima, havina msingi wala choo, ili siku ya tathmini alipwe fidia. Ametegesha, kama mtu anavyotegesha mtego. Mzee Wangwe anavyo vinane kando ya barabara. Humo hajawahi kulala hata kuku. Stanslaus amevihesabu vyote, vya Mzee Wangwe na vya wengine wote, kuwa nyumba zilizo tayari na hazina watu.

Presha ya Mwalimu Nikolaus ilikuwa juu. Yangu sikuipima.

28 Machi

Majina yametoka. Heche aliniletea kwenye simu yake, akanipa nisome mwenyewe.

Nkende imo. Sawa, Nkende ni mjini, Tarime, watu wanapanga na wanasema wanapanga. Machochwe imo! Machochwe kule Serengeti, mpakani mwa hifadhi, ambako nilifanya kazi miaka miwili na chumba kizuri nilikilipia kwa bei ya kuku wawili. Kumbe kuna kambi moja ya watalii pembeni, kitanda kinalipiwa kwa dola, na bei ya hicho kitanda imejumlishwa na vyumba vya wakulima, ikagawanywa. Sasa mkulima wa Machochwe anaishi eneo la gharama kubwa na hajui.

Genkuru haimo. Wameandika kwamba nyumba zipo za kutosha na wapangaji hakuna.

Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Wapangaji hakuna. Mimi ni nini basi? Lile beseni linalokinga maji juu ya kitanda changu ni la nani?

29 Machi

Heche amekuja na lori kuchukua tofali zake. Anazipeleka Nkende, amepata kiwanja huko. Nilimfuata nikiwa na glovu mkononi.

"Heche, unatuacha?"

"Nesi, usiniangalie hivyo. Ningejenga hapa ningepangisha kwa bei ya akina Mokami, na wewe ungenichukia vilevile."

"Lakini ungejenga."

"Kwa ajili ya wanunuzi wa dhahabu. Si kwa ajili yako."

Nilitaka kumtukana nikakosa tusi linalomfaa, maana alikuwa anasema kweli. Akaniambia kuna siku moja ya pingamizi, tarehe tano. Wenye nyumba wakisimama wakasema wanapangisha, watapimwa upya. Ameniachia tofali chache nikanyagie tope nikivuka kwenda zahanati.

2 Aprili

Nimezunguka kwa wenye nyumba jioni tatu nikiwasihi waseme kweli. Wote wananikaribisha uji na wote wananigeuzia mazungumzo kwenye mvua.

5 Aprili

Mkutano ulikuwa ofisi ya kijiji. Watu walijaa mpaka nje kwa sababu mvua ilikuwa imekatiza kazi. Mzee Wangwe kwenye meza, Stanslaus pembeni yake na kishikwambi. Akauliza kwa sauti nzuri: yupo mwenye nyumba anayepangisha hapa Genkuru?

Hakuna mkono ulioinuka. Niliwatazama wenye nyumba mmoja mmoja, watu ambao tarehe mosi ya kila mwezi wanagonga milango kabla jogoo hajawika. Mmoja alikuwa anachokonoa meno.

Nikasimama mimi. Nilimsalimu mwenyekiti shikamoo, nikasema ninachojua. Kwamba mkunga wa kijiji hiki ni mmoja, tabibu yuko masomoni Musoma, na huyo mkunga analipa nusu ya mshahara kwa chumba kinachovuja. Kwamba walimu wawili wameomba uhamisho tangu Januari. Kwamba nyumba za barabarani ni tegesha, hazina hata kitasa. Kwamba watu wanaogopa kodi ndogo ya pango mpaka wanakataa vyumba ambavyo watoto wao wenyewe wangepanga.

Mzee Wangwe alinijibu taratibu. "Nesi ametoka Shirati, ni mgeni, tumsamehe. Nyumba zangu ni nyumba. Nani amesema ni tegesha?" Yeye anangoja fidia, na kijumba kikiitwa tegesha mbele ya mtu wa serikali, fidia inapotea. Mwalimu Nikolaus, aliyeniambia yote yale, alikuwa anasoma bango la chanjo ukutani. Nitamkumbuka kwa hilo.

Stanslaus akamgeukia Bibi Mokami. "Bibi, huyu dada anasema analipa kwako."

Bibi Mokami alisimama kwa fimbo yake. "Mke akigombana na aliyemwoa anasema mengi, mura, kijana wangu."

Ukumbi mzima ukacheka. Wamecheka mpaka wengine wakashikana mabega. Nimeishi na watu hawa miaka minne. Nimewapokelea watoto, nimewashona, nimewafungia vitovu, na leo nimekuwa kichekesho chao. Nimewachukia, naandika hivyo na sitafuta.

Stanslaus alinifuata nje. Alisema atarudi mwezi wa tano kuhakiki nyumba chache, huo ni utaratibu, na safari hiyo wameruhusiwa kuwauliza na wanaoishi ndani. Alisema kwa kunong'ona kana kwamba ananipa dawa ya kulevya. Nikamwambia aje na buti.

6 Aprili

Nimefukuzwa. Bibi Mokami amesema siwezi kumtangaza mbele ya kijiji halafu nilale chini ya bati lake. Saa nne chumba kilikuwa changu, saa nane kilikuwa cha Hezekia, mnunuzi wa dhahabu kutoka Kahama, aliyelipa mwaka mzima bila hata kufungua dirisha. Vitu vyangu vimekaa stoo ya zahanati kati ya maboksi ya vyandarua.

Kijiji kizima nimezunguka. Hakuna chumba. Zipo nyumba za kutosha, na chumba hakuna.

9 Aprili

Niko Nkende kwa Dorah, binti wa shangazi yangu, anayeuza vitenge vya Sirari. Asubuhi napanda gari la kwanza kwenda Genkuru, jioni narudi. Dorah analipa pango dogo kuliko nililokuwa nalipa mimi, na ana dari, ana maji bombani. Nilipomwambia hapa ndipo palipotangazwa gharama kubwa alicheka mpaka akakaa chini. "Hapa? Si wakuje basi wanionyeshe hiyo ghali iko wapi, bana!"

Kutoka dirishani naona tofali za Heche. Kuta zimefika kiunoni.

11 Aprili

Mvua ilianza alfajiri. Gari la kwanza lilifika mtoni likasimama. Maji yalikuwa juu ya daraja, ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba migomba mizima. Tulisimama pale watu ishirini na kitu tukiangalia. Simu yangu iliita. Mlinzi wa zahanati.

"Nesi, uko wapi? Beatrice amekuja."

Beatrice ni mke wa kijana wa duarani, mimba ya kwanza. Nilimpima wiki iliyopita, mtoto alikuwa amekaa vibaya, nikamwambia uchungu ukianza tu aje kwangu, asingoje. Hakungoja. Alikuja mara moja, na mvua yote ile, akaketi kwenye benchi la nje akinisubiri. Mimi ndiye sikuwepo.

Nilimwelekeza mlinzi kwa simu. Mlaze ubavu. Muite Agustina aje. Tafuteni gari la kumtoa. Gari litoke wapi, na mto huu? Nilisikia Beatrice akiniita jina, si nesi, Selestina, Selestina. Halafu chaji ya mlinzi ikaisha. Nilipiga, nikapiga, huku natembea kando ya maji kama kichaa. Mwanamume mmoja alinishika mkono akisema dada utazolewa.

Maji yalipungua saa sita na nusu. Nilivuka kwa miguu, maji mapajani, nikapanda bodaboda. Nilimkuta Beatrice kwenye kitanda, amepona, damu imesimama. Agustina na tumbo lake lote lile alikuwa amemshika kichwa. Mtoto alikuwa amefunikwa na kanga kwenye beseni. Wa kike. Alitangulia miguu, kichwa kikakwama. Ni jambo ambalo mikono yangu inalijua, nimeshafanya mara nyingi, ni dakika chache tu.

Kutoka kile chumba nilichofukuzwa, cha kwanza kwa Bibi Mokami, mpaka benchi lile ningefika nikiwa bado nafunga kofia.

Nilimwosha mtoto. Nilikaa na Beatrice, hakunilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza. Nililia stoo kwenye vyandarua. Halafu nikatoka nje, nikasimama mbele ya ule msingi uliojaa maji, nikapiga kelele kwa Kijaluo maneno ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Mlinzi aliangalia pembeni.

Nani amemuua huyu mtoto? Mto? Stanslaus na mkuu wake wa kaya? Mzee Wangwe na vijumba vyake? Bibi Mokami? Wote wamekuja kutoa pole. Wote wamekuja na sukari.

12 Aprili

Nimelala zahanati, kwenye kitanda cha kuzalia.

13 Aprili

Agustina amekuja asubuhi, amebeba godoro langu kichwani bila kuniuliza, anaelekea kwake.

"Mke mwenzangu, unalala kwangu."

"Bibi Mokami je?"

"Nyumba ile ni yangu. Ng'ombe walitoka, nikaingia. Yeye ana mji, mimi nina nyumba." Akashusha sauti. "Na mimi nazaa mwezi huu. Nilimshika Beatrice kichwa, nesi. Sitaki uje kwa bodaboda."

Bibi Mokami alituona tukiingia. Alifungua mdomo, akalitazama tumbo la Agustina, akafunga mdomo. Jioni akatuma maziwa. Sikuyanywa, Agustina akayanywa yote.

24 Aprili, Pasaka

Mtoto wa kiume, asubuhi kabla ya ibada. Amelia mara moja kwa hasira. Ameitwa Nchagwa, jina la marehemu mume wa Bibi Mokami. Bibi alimpokea mikononi mwangu, akakaa chini sakafuni, fimbo huko, akawa analia na kumtukana mtoto kwa Kikurya kwa sababu ya kuchelewa miaka yote hiyo. Nilitaka niendelee kumchukia, leo nilishindwa. Kesho nitaendelea.

2 Mei

Mvua kubwa ya upepo. Tegesha tano za Mzee Wangwe zimelala kifudifudi barabarani. Watu walikimbia kuokoa, halafu wakakumbuka hakuna wa kuokolewa. Mzee Wangwe amepita akisema ni bahati wenyewe walikuwa safarini.

10 Mei

Stanslaus amerudi, na buti. Kwanza alisimama barabarani kwenye zile tofali zilizoyeyuka, akapiga picha, akamuuliza Mzee Wangwe wakaaji walitoroka na milango? Maana hakuona hata bawaba. Mzee Wangwe akasema kitu kuhusu wezi.

Halafu wakaja wote wawili kwa Bibi Mokami, kwa kuwa ndiyo nyumba ya kuhakikiwa. Majirani nao wakaja, wakasimama kwenye ua wa minyaa. Stanslaus alianza na mimi. Nilikuwa kizingitini kwa Agustina, namkanda mgongo.

"Dada, unalipa pango hapa?"

Nimeingoja siku hiyo mwezi mzima. Nimeiota. Na jibu langu la kweli lilikuwa moja tu.

"Silipi," nikasema. "Nilifukuzwa. Sasa ni mgeni wa Agustina."

Aliandika. Niliona kidole chake kikiandika na nikajua kwamba mimi, mimi niliyepiga kelele kuliko wote, ndiye nimekuwa shahidi wa kwanza kwamba Genkuru hakuna wapangaji. Niliuma mdomo mpaka nikaonja damu.

Akageukia chumba cha kwanza. Hezekia alitoka na taulo shingoni. Hana leseni ya ununuzi, akiona mtu wa serikali husema chochote ili aondoke.

"Unapanga hapa?"

"Mimi?" Akamtazama Bibi Mokami, akasema alivyofundishwa. "Mimi ni mjukuu wa bibi."

Pangeishia hapo. Lakini Mzee Wangwe, aliyekuwa bado na uchungu wa tegesha zake, akataka kuchangamsha watu. Akawageukia majirani. "Haya, wazee tumesikia. Mji wa Mokami sasa una wajukuu wawili, mmoja wa Kahama. Siku ya kugawa mashamba tusije kulaumiwa."

Watu wakacheka. Bibi Mokami hakucheka. Mwezi wa tatu hakuwa na mjukuu, angeweza kuwagawia ujukuu wachimbaji wote wa Mara na usipungue kitu. Sasa mwenyewe amelala ndani. Maneno ya ukoo yakisemwa mbele ya wazee wa huku hayaokotwi tena. Nilimwona akiwaza hivyo, mkono ukikaza juu ya fimbo.

"Wewe!" Fimbo ikasimama kifuani mwa Hezekia. "Mjukuu wa nani? Mama yako nilimtolea ng'ombe lini? Mjukuu wangu ni mmoja, yuko ndani, anaitwa Nchagwa! Mura, andika!" Hii kwa Stanslaus. "Huyu ni mpangaji! Na wale wanne ni wapangaji, na yule mwenye jino la dhahabu ni mpangaji! Wananilipa! Huyu amenilipa mwaka mzima! Hakuna anayelipwa Genkuru hii kama mimi!"

Akataja kiasi. Alikitaja kwa sauti iliyofika sokoni.

Stanslaus alikuwa hajamaliza kuandika. Mzee Wangwe alivimba. "Kama wewe? Wewe na vyumba vyako vya kuvuja? Walimu wangu wananilipa zaidi ya hapo, kila mmoja, na umeme juu!"

"Mwongo!" mwanamke mmoja akadakia kutoka kwenye ua. "Mimi kwangu wanatoa zaidi, na wanafuata maji wenyewe!"

Nyasaye wangu, Mungu wangu. Kila mtu akawa anapaza sauti kumzidi mwenzake, kifua mbele. Wakamzunguka Stanslaus wakimvuta mikono, andika la kwangu, andika la kwangu. Wale wale wa tarehe tano, wenye midomo ya kushonwa! Kijana wa watu aliandika mpaka akaketi kwenye tope. Agustina alicheka hadi mtoto akaamka. Mimi nilijawa na hasira. Hawakusema kweli kwa ajili ya walimu wala zahanati wala Beatrice. Hakuna aliyetaka kuonekana mdogo kwa jirani, basi. Ningelijua hilo mwezi wa nne ningewachokoza badala ya kuwasihi.

16 Mei

Mvua zinaelekea kuisha. Kliniki mama tisa.

27 Mei, Ijumaa

Imetangazwa. Genkuru ni eneo la gharama kubwa.

Heche amerudi na pampu ya kukodi, anakamua maji kwenye msingi. Mume wa Beatrice ni mmoja wa vibarua. Vyura wanaruka kila upande. Heche amesema Desemba, labda Novemba. Nikamwambia chumba cha mwisho, karibu na geti. Akasema anakumbuka.

Jioni Bibi Mokami amepita mlango kwa mlango na fimbo yake, amepandisha pango. Vijana walilalamika, Hezekia akasema yeye ameshalipa mwaka. Bibi akawajibu wote kwa pamoja, kwa upole kabisa: "Si mimi. Serikali yenyewe imesema hapa ni ghali." Kesho Mzee Wangwe atafanya hivyo hivyo, na walimu watakuwa wanangoja Novemba, labda Desemba.

Nilikuwa namwogesha Nchagwa kwenye beseni langu nikasikia kila neno. Serikali imesema leo. Hapa palikuwa ghali hivyo hivyo asubuhi ya tarehe kumi na moja Aprili, Beatrice alipokuwa kwenye benchi ananiita kwa jina.